Aliyeifuta Sauti ya Pili

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sisi uliotuacha nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba macho yako yamepata nafuu kutokana na ule moshi wa kuchomelea vyuma uliosema unakuliza kutwa nzima. Mimi mwili haujambo. Mama naye anaendelea. Magoti yanamsumbua, lakini bado anabishana na mwenye duka mpaka mwenye duka anasalimu amri na kumwongezea kipande cha sabuni.

Ujumbe wako nimeupata, na nimeusoma mara nyingi kuliko ulivyostahili. Umeuliza kwa hasira, na una haki: mbona wimbo wa marehemu Baba nimekutumia nusu? Umesema mwalimu wa kwaya itakayoimba harusini kwako ameitazama karatasi, akauliza sauti ya pili imekwenda wapi, na mbona vijiti vya nota vingine vimesimama juu na vingine vinaning'inia chini, kama nywele za mtu aliyekurupuka usingizini. Ukaongeza kwamba labda kuchapa kadi za mialiko kumeniharibu kichwa. Hapo nilicheka, kaka, halafu kicheko kikanikauka. Niache nikueleze tangu mwanzo, maana nikianzia mwisho sitaweza kuandika.

Ulipouomba wimbo ule, bosi wangu pale uchapaji aliniruhusu nije nyumbani na kompyuta yenye programu ya kuandikia nota. Unajua Baba aliutunga kwa ajili yetu mabinti wawili, mimi sauti ya kwanza na Chiriku ya pili, wote juu ya mistari mitano ileile. Kwa kalamu lilikuwa jambo jepesi. Mashine ilinitoa jasho. Nilikuwa nazipachika nota za Chiriku chini ya zangu, nayo inazifunga zote kwenye kijiti kimoja, kana kwamba anayeimba ni mtu mmoja. Pale ninaposhikilia nota ndefu huku mdogo wetu akipita chini mbio mbio, ndiyo kabisa ilikataa. Nikigeuza kijiti changu kitazame juu, na chake kinapanda nacho.

Chiriku ndiye aliyenitoa matopeni. Alikuwa amekaa nyuma yangu akitazama ninavyohangaika, akaninyang'anya kipanya na kunionyesha mahali pa kuchagulia sauti, namba moja na namba mbili. Kumbe ukiiambia programu kwamba nota hizi ni za sauti ya kwanza, vijiti vyake vinasimama juu. Ukiiambia hizi ni za pili, vinashuka chini, na kila sauti inakwenda na muda wake bila kumbughudhi mwenzake. Tukaanza upya, yeye akinigusa bega kila nilipokosea. Ukurasa ulipokamilika ulikuwa mzuri, kaka. Mimi juu, yeye chini, hakuna anayemkanyaga mwingine.

Nikaona tufurahi kidogo, nikabonyeza mashine ituimbie. Sehemu yangu ilitoka kama filimbi, yake kwa sauti nzito kidogo. Alisikiliza mpaka pale anapopita mbio, akanyoosha mkono akazima spika, akaenda kulala na jua halijazama.

Kesho yake nilikuta nota zake zote zimefutwa. Na sauti ya pili ikishaondoka, ya kwanza haina tena wa kumpisha, kwa hiyo programu inaipanga itakavyo: nota za chini vijiti juu, nota za juu vijiti chini. Hicho ndicho alichokiona mwalimu wako.

Nikazirudisha. Nikatoka kuanua nguo, niliporudi nikamkuta anazifuta tena, moja baada ya nyingine, kwa utulivu kama mtu anayechambua mchele. Nikamshika mkono. Nikamuuliza ana wazimu gani. Tukagombania kipanya, watu wazima wawili, mpaka kiti kikaanguka. Ndipo akafungua kinywa ili anifokee.

Kama umesimama, kaa chini. Haikutoka sauti. Ilitoka hewa tu, tena haikupitia kinywani, ilipitia kwenye tundu lililo shingoni mwake, chini ya kitambaa anachojifunga. Chiriku wetu hana sauti. Kule kukwaruza koo alikokuwa akikwambia ni vumbi la kituo cha mabasi kulikuwa saratani, na daktari wa upasuaji aliondoa kisanduku chote cha sauti kilichomo kooni ili apate kupumua. Ndiyo sababu hapokei simu zako. Wewe ulisema anaringa tangu awe mtangazaji mkuu pale kituoni. Mwenzio alikuwa anaishika simu mkononi, inalia, analitazama jina lako mpaka inanyamaza, kisha anakuandikia kwamba alibanwa na kazi. Kazi yenyewe hana. Kituoni wanapiga rekodi ya sauti yake, inaita abiria kutwa, na sisi tukienda hospitali tunapita njia ya nyuma ili asiisikie sauti yake.

Alituapisha mimi na Mama tusikwambie, kwa kuwa alijua ungeahirisha harusi na kuacha kibarua chako. Siku ile ya kipanya aliandika kwenye simu yake akanipa nisome: "Usiniwekee nafasi. Watu wataiona, wataanza kunitafuta." Nikamjibu kwamba tunaweza kumpa binti mwingine aiimbe. Akaandika: "Mpeni. Ila mimi nisiwepo." Nikaachia kipanya. Akamaliza kufuta mwenyewe, akanisimamia mpaka nikakutumia.

Ningefurahi habari iishie hapo. Wiki hii alikohoa damu, tukarudi kwa daktari. Akatwambia ugonjwa umeingia mapafuni na kisu hakina kazi tena, kilichobaki ni dawa za kutuliza maumivu. Alikuwa anazungumza na mimi, akimruka Chiriku, kana kwamba asiyesema hasikii pia. Chiriku akagonga meza kwa kiganja. Daktari akamgeukia, akamwomba radhi, akayarudia yaleyale taratibu, neno kwa neno, na yeye akawa anatikisa kichwa kukubali kila neno.

Kaka, nimezoea kuwa mtu wa kuwatuliza wengine, lakini safari hii sina kitu mkononi. Mama anasali. Mimi nikianza kusali nasahau nilikuwa naomba nini. Sauti ya pili yote ninayo kichwani, na ningeweza kuipachika tena nikuletee. Nimekaa mbele ya mashine, nimechagua namba mbili, na mkono umekataa. Kama utaoa na wimbo huo au bila huo, amua wewe. Ninachokuomba ni uje. Usipige simu, wala usiulize kwanza. Njoo tu, na usichelewe, maana anakonda na kila nikimgeuza kitandani naona nimebeba nguo.

Mama anakusalimu sana. Anasema umwambie mchumba wako kwamba anamkaribisha kwa mikono miwili, hata kama ametukuta vibaya. Shangazi naye anakusalimu, ndiye anayenipokea zamu nikienda kazini. Chiriku nilimwambia kwamba nakuandikia yote, na hakunizuia. Nikamuuliza nikufikishie salamu gani kutoka kwake. Akageukia ukutani. Kwa hiyo salamu zake sina.

Ni mimi mdogo wako,
Mchapaji