Vijiko Vitatu vya Magadi

Kwa mwanangu Mutanu,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Huko Kinanie uko aje? Unakula? Kile kifua kilipona? Vaa sweta asubuhi, tafadhali. Huku Kathiani baba yako anakusalimu, goti bado linamsumbua. Ndugu yako Bonface anakusalimu, amevunja ndoo nyingine. Baba mdogo Kiema anakusalimu. Hata ng'ombe alizaa, dume. Ndanu, mke wa Kiema, hajakusalimu na mimi sikumwomba. Susu yako, mama ya baba yako, ambaye umebeba jina lake, nitamfikia. Nimeandika kwa sababu nikipiga simu Ndanu anasikia yote, nyumba zimekaribiana.

Unakumbuka ule mkate wangu wa malenge, wa dalasini na tangawizi, ule naoka kwa sufuria na makaa juu ya kifuniko? Mwezi wa pili Susu aliutamani. Nilikuwa na malaria lakini niliamka nikauoka, nikampa Ndanu ampelekee. Akasahau thamosi ya chai. Nikajikokota nayo mpaka mlangoni kwa Susu, na hapo nikamsikia Ndanu akisema ameuoka yeye. Susu haoni, unajua. Alishika mikono ya Ndanu akaitemea mate ya baraka, akasema hii mikono isikose chakula, na kwamba baraka hiyo alikuwa ameiweka miaka yote kwa ajili ya mtu mmoja tu. Miaka ishirini na mbili nimemwosha miguu, Mutanu! Niliweka thamosi chini nikarudi kitandani. Hayo niliyaweka tu kwa roho.

Sasa wiki jana Susu akasema akina mama wa kanisa wanakuja Jumamosi kumwombea, na Ndanu aoke ule mkate wake. Ndanu akaja nyuma ya jikoni yangu akicheka-cheka, ati nimwambie vile mimi hufanya, alinganishe na yake. Nikamkaribisha vizuri, hata kiti nikampa.

Jumamosi mkate ukakatwa. Ulikuwa na rangi ya tofali na harufu ya sabuni. Mama Pauline, mwenyekiti wao, akamuuliza Ndanu kama aliosha sufuria ama aliipika na sabuni yake. Wamama walicheka, na mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo. Mwanangu, sijawahi kusikia utamu kama huo. Lakini Susu alitafuna akatema. Akaomba mikono ya Ndanu, akaipapasa, akasema ametemea mwizi baraka. Akaapa hatakula kitu cha mkono wa mtu yeyote hapa nyumbani mpaka mwenye ule mkate wa kwanza ajitokeze.

Leo ni siku ya tatu. Anakunywa maji tu. Baba yako amembembeleza, wapi.

Utauliza kwa nini sijitokezi. Ni hivi, na usimwambie mtu. Nilimwambia Ndanu asikamue maji ya malenge, akoroge mpaka mkono uchoke, na badala ya baking powder atie magadi vijiko vitatu, ati ndivyo wazee walifanya. Mtoto wa mjini, githeri ya mahindi na maharagwe hununua imeiva, hajawahi kuilainisha mwenyewe, atajuaje magadi? Hajanitaja kwa sababu akinitaja atakuwa amekubali hakuujua mkate. Lakini nikijitokeza mimi, hatakuwa na kitu cha kuficha tena, atamwaga yote, na Susu atajua mwenye baraka ndiye alimlisha magadi mbele ya kanisa.

Kwa Ndanu sijuti. Angekuja kesho ningemwambia vijiko vinne. Ni Susu tu ananikosesha usingizi.

Malenge nimechemsha, nimekamua kwa kitambaa, iko tayari. Niende nayo ikiwa mkate na niseme yote, hata kama baraka itapotea? Wewe umesoma, na uko na jina lake. Wesley anayekuletea hii anarudi huku jioni hiyo hiyo. Mwandikie hata kwa karatasi ya unga, umpe kabla hajapanda gari. Susu ni mzee, hawezi kungoja hasira yangu iishe.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Mwikali