Kadi Nane za Babu Orrin

S.L.P. 41,
Nordby, Wisconsin.
9 Agosti 1988

Mpendwa mdogo wangu Norris,

Hujambo huko Alaska? U mzima? Na huo mgongo uliokusumbua tangu Machi umepoa, au bado unajikaza na kuwaambia watu ni uzee? Mimi mwili haujambo. Huku mvua imetukataa kabisa. Mahindi ya shamba la Baba yananifika kiunoni na tuko Agosti, majani yamejikunja kwa jua. Kila Jumapili tunaombea mvua, tukitoka kanisani tunakuta mbingu nyeupe vilevile.

Barua yako ya Juni nimeipata. Umeuliza mambo mawili: safari ya watoto itakuwaje, na Mama anaendeleaje. La safari nakujibu sasa hivi. La Mama nimeapishwa nisikuambie, na kabla sijaifunga bahasha hii nitakuwa nimekuambia. Usirukie mwisho, nakujua ulivyo. Soma kama nilivyoandika, maana usipoisikia habari ya Colleen hutanielewa kwa nini navunja kiapo nikiwa na miaka hamsini na sita.

Basi. Mwaka huu niliwachukua wanafunzi wangu wa Kifaransa ishirini na wawili, tukazunguka Ulaya wiki mbili kwa basi: Paris, Lucerne, Florence, Roma. Msaidizi wangu alikuwa Gus Kolbeck, kocha wa mpira hapa shuleni, mtu mwenye tumbo kubwa na moyo mkubwa zaidi. Siku ya kwanza Paris aliletewa konokono. Akala wote kwa adabu, kisha akaniinamia: "Verna, mke wangu nitaanza wapi kumweleza?" Watoto walicheka mpaka mhudumu akatukemea. Na yule Dwight Pfaff, mtundu wa darasa, kila tukiingia kwenye jumba la sanamu ananivuta mkono: "Mwalimu, hawa watu nguo zao ziko kwa dobi?" Zilikuwa siku nzuri. Nazikumbuka kwa sababu zilikuwa nne tu.

Sharti langu unalijua, ndilo lile lile la miaka yote. Kila mtoto kila siku anamwandikia mtu wa nyumbani kadi moja, ananikabidhi mimi, nabandika stempu na kuitia posta. Wengi wao wanaandika mistari miwili, chakula kitamu, miguu inauma, basi. Colleen Stavig alikuwa anaijaza kadi mpaka pembeni, akikosa nafasi anaandika kuzunguka pale pa stempu. Zote zilikuwa kwa babu yake. Kadi haina bahasha, Norris. Nilikuwa nasoma, nitake nisitake.

Colleen hukumwona akikua. Wazazi wake waliachana akiwa na miaka mitatu, kila mmoja akashika njia yake, mtoto akabaki kwa Orrin na Bernice Stavig, wale wa ng'ombe wa maziwa karibu na daraja. Sasa ana miaka kumi na sita. Kila alfajiri alikuwa anaamka na babu yake kukamua, kisha anapanda basi la shule akinukia zizi, na ole wake atakayemcheka. Kutoka Paris alimwandikia mzee: "Babu, ng'ombe wa huku nimewaona dirishani. Wamenona lakini hawana adabu kama wetu. Yule mweusi usimkamue kwa haraka, amezoea mkono wangu."

Jumamosi asubuhi, Lucerne, tukiwa mezani tunakula mkate na siagi, mwenye hoteli akaniita kwenye simu. Alikuwa Bernice. Kwao ilikuwa saa sita usiku na alikuwa bado hospitali. Orrin amepata mshtuko wa moyo, amefariki.

Nilisimama pale na simu sikioni, na kupitia mlangoni namwona Colleen akimpaka Dwight jamu puani. Bernice akaniambia, "Usimwambie, Verna. Orrin mwenyewe amesema mwacheni mtoto amalize safari yake. Atarudi, nitamwambia mimi." Nikamwuliza mazishi je. Akasema Jumanne, hawezi kungoja, na akirudi mtoto atapelekwa kaburini. Alikuwa analia. Nikamwambia sawa, Bi Bernice. Nikaapa.

Gus nilimwambia palepale kwenye ngazi. Aliondoa kofia, akasema, "Mwambie leo. Nitampandisha ndege mwenyewe, nitakwenda naye mpaka mlangoni kwao."

Nikamwambia bibi yake ndiye mlezi, ndiye aliyetia sahihi fomu, neno lake ndilo tunalofuata.

"Verna, huyo si fomu. Ni mtoto amefiwa."

Nikamwambia anyamaze. Unaujua ukali wangu. Gus akavaa kofia yake, na tangu saa hiyo hakuwahi kumtazama Colleen usoni.

Siku hiyo hiyo tulipanda mlimani kwa treni. Jioni Colleen akaniletea kadi: "Babu, nyasi za huku ni kijani mpaka nimezionea aibu zetu. Ungeziona ungelala chini kama ndama." Nikaibandika stempu. Baadaye nikaona nimeiweka kichwa chini miguu juu, nikaitia posta hivyo hivyo. Ungefanya nini wewe? Nilifikiri kuzificha, nikaogopa atauliza mbona hazifiki. Kwa hiyo nilizipokea kila jioni, na nilizituma zote.

Norris, kuna kitu sijamwambia mtu. Jumapili Colleen alichoka akataka kulala bila kuandika. Ilikuwa nafasi yangu ya kunyamaza tu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Haya, haya, babu yako anasubiri." Ni mazoea ya ualimu, sijui. Mtoto akacheka, akakaa kitako akaandika.

Florence, Jumatatu, Dwight alipiga simu kwao, na mama yake siri ikamponyoka. Akaja kunitafuta. "Mwalimu, ni kweli mzee Stavig...?" Nikamshika bega nikamwapisha na yeye. Mvulana wa miaka kumi na saba nikamfundisha kudanganya, na akajifunza upesi. Ila utani wake ulikatika kama maji ya bomba. Colleen akaanza kumchokoza, "We Dwight, umemeza ulimi? Au umependa Mwitaliano?" Dwight akatoka mezani.

Jumanne ndiyo siku ya mazishi. Saa tano ya asubuhi Nordby ni saa kumi na mbili jioni Florence. Nilikuwa natazama saa tangu mchana. Ilipokaribia nikamwambia Colleen twende tukale aiskrimu, mimi na wewe tu. Sikutaka awe peke yake saa ile, hata kama hajui. Tukakaa kwenye ngazi za kanisa moja, akachagua ya pistachio. Kengele zikalia saa kumi na mbili. Nikajua sasa wanamwingiza Orrin kanisani, na mpwa wake Lloyd na wale wazee wa chama cha maziwa wamebeba jeneza.

Colleen akanitazama. "Mwalimu, nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Dwight hanitazami. Kocha hanitazami. Wewe unanitazama mno."

"Ni joto, mwanangu. Sote tumechoka."

Akaniamini, Norris. Nimemfundisha miaka mitatu na sijawahi kumwambia uongo, kwa hiyo akaniamini. Akalamba aiskrimu yake akasema babu angeipenda hii, akaniomba nimkumbushe jina la hiyo aiskrimu ili aliandike kwenye kadi.

Tulirudi Jumapili tarehe ishirini na nne. Basi lilipoingia uwanja wa shule wazazi walikuwa wamejaa, wanapunga mikono, na kila jicho likamtafuta Colleen halafu likainama. Gari la babu yake la kijani lilikuwepo. Aliyekuwa ameshika usukani alikuwa Lloyd, na Bernice amesimama pembeni na gauni jeusi.

Colleen alikuwa kiti cha mbele. Hakusimama. Akanigeukia.

"Lini?"

Nikamwambia, Ijumaa ile usiku, tulipokuwa Lucerne.

Akahesabu kwa vidole. "Nimemwandikia kadi nane. Umezipokea zote kwa mkono wako." Nikasema ndiyo. "Na ile aiskrimu?" Nikamwambia ndiyo saa waliyokuwa wanamzika. Akachukua begi lake akashuka, akapita mbele ya bibi yake, akaingia garini akafunga mlango. Bernice alibaki amesimama na mikono imenyooka. Watu wote walimwona, na hakuna aliyejua aende kwake au akae.

Nilikaa siku kumi bila kwenda kwao. Niliona aibu, sina neno jingine. Kisha Alhamisi iliyopita Bernice akanipigia. "Zinakuja, Verna. Kadi. Leo imeingia ya Roma. Mtoto anakwenda mwenyewe kwenye sanduku la posta barabarani, anarudi nazo, anaziweka mezani pale pa Orrin. Hasomi. Njoo, mimi amekataa kuongea na mimi."

Nikaoka viazi kwa jibini, nikaenda. Bernice alinipokelea bakuli jikoni, hakuliweka chini, akaanza kusema huku amelikumbatia hivyo hivyo, lina moto. Orrin hakusema mwacheni mtoto amalize. Hayo alitunga yeye. Orrin aliishi saa tano pale hospitali, na alichosema ni, "Colleen yuko wapi?" Alimuulizia mara tatu. Bernice akamwambia yuko njiani anakuja. "Nilifikiri nampa zawadi, Verna. Wiki moja zaidi ya kuwa na babu." Amemweleza Colleen kila kitu, ndiyo maana mtoto hasemi naye.

Colleen nilimkuta zizini, amekaa kwenye ndoo. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kumsugua yule ng'ombe mweusi. Sikumhimiza, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Mwisho akasema, wala hakupandisha sauti:

"Nikienda dukani nalia, watu wananishangaa. Wao walilia tarehe kumi na tisa. Wameshakula na sandwichi za kanisani, wameshaosha vyombo, wameshapoa. Kila mtu amemaliza, Mwalimu, mimi ndiyo kwanza naanza. Nalia na nani?"

Nikakaa chini kwenye nyasi kavu na gauni langu zuri, nikalia naye. Sijui kama amenisamehe, na sitamuuliza. Alikubali tu nikae.

Haya, sasa habari ya Mama.

Norris, Mama ana saratani ya kongosho. Tumejua tangu tarehe tatu Julai, wiki moja kabla sijasafiri. Daktari amesema labda mpaka Oktoba, labda isifike. Mama aliniapisha siku ile ile, mkono juu ya Biblia ya Baba: "Usimwambie Norris mpaka samaki waishe. Mwache amalize msimu wake, kiwanda cha samaki kinamtegemea." Nikamwapia. Unaona jinsi nilivyo mwepesi wa kuapa. Nikakuandikia ile barua ya Julai ya kwamba Mama hajambo, amepungua kidogo tu. Nisamehe. Amepungua mpaka pete yake imefungwa uzi.

Ningekupigia, lakini simu ya kijiji chenu ni ile ya redio pale dukani, na ulishaniambia watu wazima kwa watoto wanasikiliza. Sikutaka uisikie hivyo, umesimama katikati ya makopo ya rangi.

Ana akili zake zote. Anakunywa supu, anagombana na redio, ananikosoa ninavyokunja shuka. Anasema nisikwambie, lakini kila asubuhi kabla sijafungua mapazia ananiuliza, "Norris ameandika?" Namwambia bado, tangu ile ya Juni. Jana aliuliza mara mbili. Nimesikia swali la namna hiyo limefika mahali gani kwa Stavig, siwezi kulisikia tena kila siku na kuendelea kupanga vikombe.

Kwa hiyo usiniandikie. Rubani anayekuletea posta Alhamisi hurudi siku hiyo hiyo. Rudi naye. Mashine za kiwanda watazitengeneza wengine, na samaki watapita tena mwakani. Mama atanigombeza kwa kuvunja kiapo, na nataka anigombeze wewe ukiwa umekaa pale kitandani kwake.

Shangazi Hjordis anakusalimu sana, na binamu yetu Arlys na mumewe pia. Gus Kolbeck amesema ukifika Minneapolis atakuja kukupokea yeye, saa yoyote. Mungu akulinde angani na akufikishe kwa Mama angali anakutambua jina.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Verna