Ndege Yangu ya Polepole

Bukoto, Kampala

Mpendwa dada Kulusum,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Bombo, na goti la mama limepata nafuu. Sisi huku hatujambo, ila mvua imetuchosha.

Najua unachosubiri. Ami Uthman anataka jibu langu juu ya Akram, yule muuza vipuri wa Kabalagala aliyeniposa, na amekutuma wewe unibembeleze. Alisema pia kwamba mpaka nijibu, mimi na Akram tusionane wala tusipigiane simu. Sawa, hatujaonana wala kupigiana simu.

Ila unaujua ule mchezo wa kuunda ndege kwenye simu, mlionicheka nao mkasema mwanamke mzima aliyeachika anacheza kama mtoto. Nusura, mdogo wake Akram, alinikuta nikiucheza dukani kwangu Kamwokya, akaenda kumwambia kaka yake. Kesho yake ikanijia ndege kutoka kwa Akram kupitia mchezo huohuo: mabawa matatu, propela nyuma, mbaya hata haielezeki. Nilipoirusha ilipinduka kabla ya kuacha ardhi. Nilicheka mpaka wateja wakanitazama. Nikasogeza injini mbele kidogo, nikamrudishia.

Tangu hapo tunatumiana ndege. Wengine humo wanashindana kwa kasi. Mimi nilikuwa na moja ya majaribio ambayo sikuwahi kumwonyesha mtu, mabawa marefu na propela kubwa kupita kiasi, na kila nikiirusha inaanguka. Nikamtumia. Nilitegemea maneno makali kama ya mume wangu wa kwanza, aliyonipa kwa kila nilichoharibu. Akram aliirusha, ikaanguka, akaniandikia humohumo akiuliza nilitaka ifanye nini.

Dada, niliweka simu chini nikalia. Nimeozwa, nimeachwa, nimeposwa tena, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninachotaka, hata wewe. Nikamjibu kwamba nataka iende polepole, nitazame chini. Akapunguza uzito wa mkia, ikaruka.

Basi nikamwuliza yeye anataka nini. Akaandika kwamba ananitaka, lakini hataki nikubali kwa kuwaogopa wazee. Nikikataa, atamwambia Ami kuwa ni yeye aliyebadili nia, ili mimi nisilaumiwe.

Sitakuficha, nilikuwa nimekusudia kukataa. Sasa namtaka mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Mwambie Ami nimekubali. Habari za ndege niachie mimi, nitamweleza baada ya nikaha.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na watoto wako wote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sumayiya