Bendi ya Choo Kimejaa na Tumbo la Baba Mkwe

Mpendwa Mama Kalunde, kabla sijakusumbua na shida yangu natangaza kwa heshima zote kwamba bendi ya Choo Kimejaa, ya hapa soko la Matiliku, imevunjwa rasmi kuanzia Jumanne saa tisa mchana, wanachama wote wanne wakiwepo na mmoja akilia.

Tulikuwa tunapiga thrash metal, muziki tuliojifunza kwa kaseti ya mwalimu mgeni, gitaa zinakimbia kama mashine ya posho na mimi nanguruma juu yake, na nyimbo zetu zote ni za matusi ya kuchekesha, za choo na matako, na ule vijana wanaoupenda zaidi unaitwa Tumbo, niliutunga mimi, unamhusu Mzee Ndululu aliyekula muthokoi wa harambee, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, akajamba katikati ya maombi na akabaki kitini mpaka mwisho, jina nimelitaja mara kumi na moja, na huyo mzee, Mama, ndiye baba wa Ndila, msichana ninayemuoa Desemba.

Sasa Ndila alibeba redio yangu kwao bila kujua kaseti yetu iko ndani, mzee akatia betri mpya, akasikiza, akaniita. Nilienda nikijua mbuzi wa ntheo, wale wa uchumba niliowapeleka, watarudishwa kwetu na msichana nimemkosa. Nikakuta wazee watatu wameketi, kaseti inalia.

"Huyo anayenguruma ni nani?" mzee akauliza.

"Ni mimi, mzee."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, mzee. Naimba."

"Unaimba nini? Hatujashika hata neno moja."

Mama, nilisikia raha mpaka nikakaa chini bila kuambiwa! Na kwa hiyo raha nikadanganya, nikasema ni habari ya Yona ndani ya tumbo la samaki. Mzee akanishika mkono, macho yamelowa. "Kijana wangu, hiyo utaimba siku ya harusi, hapa nyumbani, na gitaa zote. Lakini polepole, watu washike neno."

Nimemwambia bendi imevunjika, anasema basi iungwe. Nifanye nini?

Kiema, Matiliku

Kiema, pole, ingawa huu moto umeuwasha mwenyewe. Umemtukana mzee wa watu, Mungu akakuokoa kwa sababu hujui kuimba, nawe shukrani yako ni kumwingiza Yona! Nimecheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka.

Usitunge maneno mapya ya wimbo. Mwambie Ndila leo, yeye ndiye anayemjua baba yake. Kisha nendeni wote wawili kwa mzee, umweleze wimbo unasema nini, uombe msamaha, unyamaze. Mtu aliyejamba mbele ya harambee nzima na akabaki kwenye kiti chake mpaka mwisho hatauawa na wimbo. Utakula kwake miaka mingi, na huwezi kutetemeka kila muthokoi ukipakuliwa.

Na yule mwenzako anayelia, mwambie anyamaze. Umeandika mwenyewe kwamba redio ilitiwa betri. Kwa Mzee Ndululu hakuna stima, na gitaa zenu zisingelia hapo hata bendi ingeungwa.