Mama Zai, Ananiita Bahati

Mama Zai wangu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kuongea nawe bila shikamoo. Ungenichapa na kitana hata huko uliko.

Nimeolewa! Nimeolewa na Idrisa, yuleyule fundi umeme uliyesema ana shingo ya mtu mkweli. Hii ni wiki ya tano. Kumbe mtu anaweza kuamka akamkuta mwenzake anamtazama tu, anatabasamu peke yake! Ananichemshia chai ya tangawizi. Akiwa kazini Kinyerezi ananipigia kuniuliza nimevaa kanga gani, ili anikumbuke vizuri. Siku ya harusi nilivaa ile nguo ya zambarau uliyonichagulia. Uliahidi kunisuka mwenyewe, lakini ulikuwa na wiki ya sita mchangani, basi akanisuka mwanao Zai. Alisuka analia, mistari ikapinda, na sikukubali mtu aifumue.

Tumehamia Chanika, kwenye nyumba yetu wenyewe. Chumba kimoja kina bati, vingine vinatazama mbingu. Idrisa anasema basi na nyota ni za kwetu. Unaona mambo yake!

Sasa nikwambie linalonitetemesha. Ananiita Bahati.

Unakumbuka ulivyolipiga marufuku neno hilo saluni? Wateja walidhani ni jina la mke mwenzio. Sababu tuliijua mie na wewe tu. Ulinikuta nyuma ya pazia la kuoshea nywele, mteja wangu amekaa kwenye kiti, kichwa kimesukwa nusu, mie nacheza kindege kwenye simu. Kindege kinapaa, hela uliyoweka inapanda nacho, na usipobonyeza kujitoa kabla hakijatoweka, imekwenda yote. Nilishaimaliza hela yangu ya kodi, nikaingia kwenye hela ya rasta za mteja. Wala sikukuomba msamaha. Nilikwambia, "Mama Zai, mie nawaza chanya. Leo ni siku yangu, bahati naisikia mwilini."

Hukunifukuza. Uliichukua simu ukaitumbukiza kwenye kopo la vibanio, ukalipakata kopo, ukasema, "Hayo si mawazo mazuri. Hiyo ni njaa imejipaka wanja. Mawazo mazuri yanaanzia kwenye kilichopo."

Ndipo ukanifundisha. Kila ninapoanza mstari wa msuko, nitaje jambo moja jema nililonalo, ambalo sikulipata kwa kucheza. Nina vidole kumi. Nina Mama Zai. Leo tangu asubuhi sijacheza. Na hamu ikija nisiseme "nitashinda", niseme "hii itapita, hata ya jana ilipita." Mteja mmoja akauliza, "Jamani, huyu binti ananisomea nini kichwani?" Ukamjibu, "Anakuombea, shoga, na bei haipandi." Miezi kumi na minne nilisuka hivyo. Vichwa vingapi vya watu wa Mbagala vinatembea na mema yangu bila kujua!

Na kuna neno ulilirudia hata ulipolazwa na presha yako, nikadhani ni dawa zinaongea. "Asha, siku ya huzuni nakuamini. Siku ya furaha ndiyo naiogopa."

Sikukuelewa, Mama Zai.

Sasa furaha imenizidi. Kila anayeniona anasema nina bahati. Mawifi wanasema. Muuza mkaa anasema. Kwenye simu ya Idrisa nimeandikwa "Bahati Yangu". Neno ulilolifukuza mlangoni limeingia kwangu limevaa suti ya harusi. Na yale mema niliacha kuyataja. Niliona kama kujidhalilisha, mtu yuko peponi anajitajia nini tena? Basi nikaanza kuisikia furaha inapanda, inapanda, kama kile kindege, na kidole kinawasha, kinatafuta pa kubonyeza.

Jumatatu Idrisa alinitumia kwenye simu hela yote ya mabati. "Wewe ndiye mama mwenye nyumba, Bahati. Ikikaa kwako iko salama." Siku hiyo simu niliificha kwenye ndoo ya unga. Jumanne nikaitoa, kuangalia saa tu. Jumatano nikacheza.

Kidogo. Hela yangu ya vocha. Ya mabati sikuigusa.

Na nikashinda.

Ningeliwa hela ningelia, nikatubu, yakaisha. Lakini nilishinda, Mama Zai. Nikaenda gengeni nikanunua samaki changu mzima, nikampikia wa nazi. Idrisa alikula akalamba vidole, akanibusu kiganja, akasema, "Mke wangu, una mkono wa baraka." Nikacheka naye. Nikawa namtazama anavyochambua miba taratibu, minofu ananisogezea mie, na mie nairudisha upande wake wa sahani.

Leo Jumamosi nimeamka na ile sauti. Leo ni siku yako, Asha. Mabati ya nyumba nzima na vioo vya madirisha juu yake, umfanyie mumeo mshangao. Zamani ilikuwa inanifokea. Sasa hivi inabembeleza. Inaongea kama Idrisa.

Na yeye hajui lolote. Anadhani kwako nilijifunza kusuka tu. Uliniambia nimwambie kabla ya nikahi, nikakujibu nimeshamwambia. Ulifurahi mpaka ukanikaangia visheti, na presha yako hiyo, umesimama jikoni umeshika kiuno. Sikuwa nimemwambia, Mama Zai. Nilivila visheti vyote. Umekufa unaniamini. Nisamehe.

Simu nimempelekea jirani, Mama Junior, nikamwambia asinipe hata nikija nalia. Akacheka, "Ndoa changa hiyo, mmeshaanza kununiana?" Nikacheka pia. Nimerudi nimekaa mlangoni, maharage yapo jikoni. Sina mteja huku Chanika, kwa hiyo nimefumua nywele zangu mwenyewe. Nikiandika kidogo, nasuka mstari. Nina maharage jikoni. Nina mume njiani. Hela ya mabati ipo yote. Tangu asubuhi sijacheza. Nimefika mstari wa sita na kidole bado kinawasha, ila kinasuka.

Idrisa anarudi saa tisa. Barua hii siileti kaburini. Naiweka chini ya sahani yake, aikute kabla hajanawa. Akimaliza kuisoma huenda asiniite tena Bahati. Huenda asiniite kabisa. Nimejaribu kuwaza chanya juu ya hilo, nimeshindwa. Nimebaki na kilichopo: nampenda, na leo hajadanganywa bado.

Lala salama, Mama Zai. Safari hii ahadi yangu ni ya kweli. Ijumaa nitakuja kwako, bila simu. Ukisikia nyayo za watu wawili, ujue alisoma na akabaki. Ukisikia nyayo zangu peke yangu, usishtuke. Nitakuwa nimekuja na kitana, nywele nimezifumua, nikae hapo pembeni yako nianze tena mstari wa kwanza.

Binti yako wa saluni,
Asha