Darasa Linalomalizia Maneno

Jumatano, shuleni Ndalu

Nimechoka na hiki kiitikio. Nikisema, "Mmea hunyonya maji kwa mi...", darasa zima linanguruma, "...zizi!" Nami hutabasamu kama mjinga, nikidhani wameelewa.

Leo nimejaribu lile tulilofunzwa kwenye semina kule Kitale: vitabu vifungwe, kila mtoto aandike peke yake anachokumbuka kuhusu somo la wiki jana. Dakika tano tu. Karatasi nyingi zimerudi na jina na tarehe, basi. Wafula, anayepiga kelele kuliko wote, ameandika, "Mmea ni muhimu sana."

Muhimu sana!

Mwalimu Barasa wa darasa la jirani akachungulia dirishani. "Mbona kimya hivi, madam? Si hawa ndio huwa wanajibu vizuri, bana?"

Nusura nimrushie chaki.

Nikamsimamisha Wafula. "Mmea hunyonya maji kwa kutumia sehemu gani?" Alikodolea macho midomo yangu, akingoja niianze ile "mi". Nikafunga mdomo. Akaendelea kungoja, na wenzake wote wakingoja naye. Hakuna hata mmoja aliyeona aibu. Kwao ilikuwa zamu yangu.

Mtihani wa mwisho wa muhula unanitia hofu. Karatasi ya mtihani haina mdomo wa kumwanzishia mtu neno.

Miaka tisa ya kufundisha, na kumbe aliyekuwa akikumbuka darasani ni mimi peke yangu.