Kidole Gumba Kwenye Shaba ya Papa Rémy

Mwaka umetimia, Papa Rémy Twagirimana, tangu glavu zako nyeupe zibaki kwenye msumari wa karakana, kule Ndosho, zikikungoja.

Miaka kumi na miwili ulichonga vipande vya shaba huko Ulaya, vya mashine ile kubwa inayokimbiza chembe zisizoonekana kwa macho. Majirani walikuuliza zinakimbilia wapi. Ukajibu kwamba zinazunguka tu.

"Basi ni kama mototaxi za Birere," akasema Mama Séraphine, nawe ukacheka kuliko wote.

Uliporudi ulitengeneza mashine za kusaga muhogo, kwa glavu zilezile, ukipima kila chuma hadi unene wa unywele.

"Papa Ingénieur, hii ni ya muhogo, haiendake ku mwezi!" mteja mmoja alikutania.

"Muhogo nao iko na heshima yake, mama."

Familia inathibitisha rasmi kwamba bugali wa mtaa ule haujaonekana tena na chenga.

Kipande kimoja ulikuja nacho. Kilikuwa kidogo, cha duara, kinang'aa kama kioo, kimefungwa katika karatasi ya alumini. Hukukigusa kwa mkono mtupu hata wewe. Ndani ya mashine ile hamna hata hewa, ulisema. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuichafua yote.

Ndipo Munezero, binti yako, akaja likizo na utundu wa internat, ile shule yake ya bweni. Alikifungua, akabandika kidole gumba katikati, akakuletea mezani juu ya sahani, kimefunikwa kitambaa kama chakula cha mgeni wa heshima. Ulikitazama sana. Hukucheka.

"Mutoto, shaba haisahau," ulisema, ukakifunga upya.

Kesho yake akarudi shuleni. Wiki tatu baadaye moyo wako ulisimama, naye alikuwa hajakuomba msamaha.

Nyumba imepoa, Papa. Likizo ya Pasaka alitia chumvi kwenye chai yako kama alivyozoea kukutania, akaibeba hadi kwenye kiti chako, ndipo akakumbuka. Aliinywa mwenyewe, yote. Mama Lucie, mkeo, alimwona.

Kile kipande hakuna aliyethubutu kukifungua. Munezero aliamini kwamba ulituacha ukiwa na hasira naye. Juzi, tulipokuwa tukitayarisha misa yako, mama yake akakiweka mbele yake.

"Fungua weye. Ni weye uliichafua."

Alivaa glavu zako, zikampwaya. Alama yake ilikuwepo, imeshakuwa nyeusi. Na pembeni yake kulikuwa na nyingine, pana, yenye lile kovu lako la mashine: kidole gumba chako, mkono mtupu.

Munezero akavua glavu, akaigusa alama yako.

Tunaokukumbuka: mkeo Lucie Mukashyaka, binti yako Munezero, mdogo wako Ndayambaje wa Munigi, na ukoo mzima.

Shaba haisahau, Papa. Nasi hatutakusahau kamwe.